Daktari hakuuliza, mimi nikanyamaza: hiki kimya kilianza wapi?

Wasee, hii stori nimeikalia karibu mwaka mzima. Leo wacha niitoe.

Nilipoacha chuo nilirudi kwa mathe, Umoja. Wiki nzima sikufungua pazia. Mwishowe nilienda kliniki moja, nikaambiwa ni dipresheni, nikaandikiwa fluoxetine. Hizi dawa huchukua wiki kadhaa kabla uone tofauti, na mimi subira sina. Wiki ya tatu nikanunua mtandaoni vidonge vya mmea unaoitwa St John's wort, "vya kuinua mudi". Kwenye chupa waliandika asilia. Nikajiambia, kitu asilia kitanifanya nini? Nikawa nameza zote mbili.

Siku ya nne nikiwa kwa mat nikitoka tao, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho, tumbo linaendesha, moyo unadunda kama spika za nganya. Nikadhani ni wasiwasi tu, nikaongeza kidonge kingine cha mmea. Usiku mathe akanikimbiza hospitali. Daktari wa zamu ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, "Kuna kitu kingine unatumia?"

Jibu lilikuwa hapo. Serotonini ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari. Fluoxetine huzuia isirudishwe haraka, ndiyo ikae zaidi kati ya seli. St John's wort nayo inasukuma upande huo huo. Ukizichanganya, serotonini inaweza kuzidi: unatetemeka, unatoka jasho, unachanganyikiwa, na ikiwa mbaya, joto la mwili linapanda, misuli inakakamaa, na mtu anaweza kufa.

Nilipopona nilianza kusoma, na kilichonikera ni kwamba hii si habari mpya. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View kule New York, wagonjwa wa TB walipewa dawa iliyoitwa iproniazid, wakachangamka kuliko walivyotarajiwa. Kufikia 1957 ilikuwa inatumika kutibu dipresheni. Mwaka 1960 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa kwenye dawa za jamii hiyo, kisha wakapewa tryptophan, kitu ambacho mwili hutumia kutengeneza serotonini. Misuli ikaanza kuwaruka. Mwaka 1999 wakaripotiwa wazee watano Marekani waliopata dalili kama zangu baada ya kuchanganya St John's wort na dawa za dipresheni. Mwaka 2000 serikali ya huko ikatoa onyo kwamba mmea huo huo unapunguza nguvu ya indinavir, dawa ya HIV. Unaweza pia kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Hiyo chupa yangu haikusema lolote.

Kwa hivyo watu walijua. Kwa nini mimi sikuulizwa, na kwa nini sikusema?

Nadhani jibu moja liko hapa hapa Nairobi, kando ya Thika Road. Mathari ilifunguliwa 1910 kama nyumba ya kufungia "wendawazimu", mahali palipokuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alisema dipresheni ni nadra kwetu, na akafananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Manze, soma hiyo tena. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Sasa fikiria. Kama wakubwa wameamua huwezi kuwa na dipresheni, nani atakuuliza unaitibu na nini?

Upande wa mitishamba nako kulikuwa na sheria ya uchawi ya 1925, ambayo mpaka leo iko kwenye vitabu vyetu. Ililenga uchawi, lakini mganga wa mizizi na majani alijikuta kwenye kapu moja na mchawi. Watu wakajifunza kunyamaza. Shosho wangu alikuwa akichemsha muarubaini, na siku muuguzi akipita mtaani, sufuria inaingia chini ya kitanda. Nilikuwa nacheka. Kumbe nilikuwa najifunza: ya hospitali ni ya hospitali, ya nyumbani usiyataje.

Shida ni kwamba hiyo mipaka haiko mwilini. Ini moja ndilo linapokea vyote.

Na msidhani ni mmea wa ng'ambo tu. Angalia kibanda cha muguka karibu na stage yako. Miraa na muguka zina kathinoni, iliyotambuliwa 1975, ambayo inaamsha mwili na kupandisha presha na mapigo ya moyo. Kuna wasee nawajua wanameza dawa za dipresheni asubuhi na kutafuna jioni, na daktari wao hajui hata kidogo.

Sisemi mitishamba ni mbaya. Shosho hakuwa mjinga, na dawa kibao za hospitali zilitoka kwa mimea. Hiyo ndiyo sababu ya kuiheshimu: kama mmea una nguvu ya kukuponya, una nguvu ya kukuumiza.

Basi fanya hivi. Piga picha kila chupa, poda na mzizi unaotumia, umwonyeshe daktari au mfamasia, hata asipouliza. Muguka pia taja. Usiache dawa zako ghafla ndiyo uanze za mmea. Fluoxetine inaweza kubaki mwilini hadi wiki tano baada ya kuacha. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Nenda casualty na hizo chupa mkononi.

Mimi bado niko kwenye dawa, na niko sawa. Wiki jana nilimwambia daktari wangu mpya kuhusu muarubaini wa shosho. Hakucheka. Aliandika.