Kisu Huwekwa Juu, Hakitupwi

Ndugu msikilizaji, je, ni haki serikali kumkataza mtu mzima mchezo wa video kwa sababu una damu na mauaji? Tuitazame Australia.

Huko, filamu zilikuwa na daraja la watu wazima tangu mwaka 1971. Lakini michezo ya video ilipopangiwa madaraja katika miaka ya 1990, daraja la juu liliishia umri wa miaka 15. Mchezo uliozidi hapo haukuruhusiwa kuuzwa, hata kwa mzee wa miaka 60. Mwaka 2009 mchezo wa Left 4 Dead 2 ulipunguzwa ukatili ndipo ukapata kibali. Mwaka 2011 Mortal Kombat ukapigwa marufuku.

Kubadili utaratibu huo kulihitaji wanasheria wakuu wote wa majimbo wakubaliane. Michael Atkinson wa South Australia alikataa, akihofia watoto, hadi alipoacha wadhifa huo mwaka 2010. Hofu yake haikuwa ya kubezwa. Hata hivyo, serikali ilipokusanya maoni, ilipata zaidi ya 58,000, na asilimia 98 yalitaka daraja la watu wazima. Kweli, wengi waliojibu ni wapenzi wa michezo hiyo. Lakini ndio walionyimwa.

Daraja hilo lilianza tarehe 1 Januari 2013, na Mortal Kombat ukaruhusiwa mwaka huohuo. Michezo iliyopita mipaka hata ya watu wazima iliendelea kukataliwa.

Ndugu msikilizaji, kisu huwekwa juu mtoto asikifikie. Anayekitupa anamnyima mpishi.