Njia ya Kuvizunguka Vilele vya Mlima Kenya

Mlima Kenya ni mabaki ya volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na vilele vyake vikuu, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, si ukingo wa kasoko bali ni kizibo, yaani mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano na kubaki umesimama baada ya tabaka laini zilizouzunguka kumomonyoka. Barafu ndiyo iliyochonga mabonde yanayotawanyika kutoka kwenye kizibo hicho kama spoki za baiskeli, na ndiyo sababu njia ya kuvizunguka vilele, ingawa haizidi sana kilomita 10, humpandisha na kumteremsha msafiri zaidi ya mita 2,000 kwa jumla, kwa kuwa kila bonde limetengwa na jirani yake kwa mgongo wa mawe. Wengi huimaliza kwa siku 2 au 3. Msafiri ambaye mapafu yake yameshaizoea hewa nyepesi anaweza kulifunga duara kwa siku 1, akianza kabla ya mapambazuko ili mawingu ya mchana yasimkute juu.

Wakikuyu, wanaouita mlima huo Kirinyaga na kuuheshimu kuwa makao ya Ngai, yaani Mungu, waliuelekea katika sala zao kutoka chini. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona ukiwa na theluji kutoka Kitui mwaka 1849, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kusadiki kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Mvumbuzi Teleki alifika miteremko ya juu mwaka 1887, na mwanajiolojia Gregory akaifikia barafu yenyewe mwaka 1893.

Safari iliyoacha alama kubwa kuliko zote ni ile ya mwanajiografia Halford Mackinder, aliyefika kileleni Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa kulipwa kutoka milima ya Alps. Msafara ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamasai 2 na Wakikuyu 96, na chakula kikawa haba kabla kazi haijakwisha. Mackinder aliviita vilele kwa majina ya watu wa ukoo wa walaiboni, yaani viongozi wa ibada wa Wamasai: Mbatian, Nelieng na Lenana. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini ukarimu wake haukuwafikia waliobeba mizigo. Anayeizunguka njia leo hutoka katika bonde la Teleki, huvuka mwanya wa Hausburg (mwanya ni mahali mgongo unaposhuka kati ya vilele) kwenye mita 4,591, kisha huteremkia vidimbwi vilivyo chini ya barafuto za Cesar na Josef. Barafuto ni mto wa barafu utambaao polepole, na hizo mbili zina majina ya wale waongozaji wa kulipwa. Wapagazi nao walilipwa, tena walitembea juani na baridini kwa miguu ileile, lakini hakuna kidimbwi wala jiwe lenye jina la hata mmoja wao. Barafuto ya Lewis, upande wa pili wa duara, ilipewa jina la mwanajiolojia ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima huo.

Mabondeni humea lobelia kubwa, mmea ambao majani yake yamepangana kama bakuli na kukusanya maji katikati. Alfajiri maji hayo huwa yamefunikwa na utando wa barafu mwembamba kama kioo cha taa, na chini yake chipukizi limesalimika.

Usiku wa uhuru, mwezi Desemba 1963, mpanda milima Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya kwenye kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, ambacho njia hupita ubavuni mwake. Chini ya kilele hicho kimesimama kibanda cha Waaustria, kilichojengwa baada ya Mwaustria kuokolewa kutoka Batian mwaka 1970. Barafuto ya Lewis iliyokuwa mbele ya kibanda imeyeyuka karibu yote, na mpita njia hukanyaga changarawe mahali ambapo Gregory alikanyaga barafu.