Hekalu la Nakasero na Miungu Tisa ya Sayari

Hekalu la Shree Sanatan Dharma Mandal liko barabara ya Snay Bin Amir, jijini Kampala, karibu na soko la Nakasero. Waumini wake hufuata mapokeo ya kale ya Kihindu. Wafuasi wa Arya Samaj, harakati ya mageuzi ya Kihindu, hukataa sanamu na utabiri wa nyota. Wasanatani, yaani wafuasi wa mapokeo hayo ya kale, huvikubali vyote viwili, na kwao sayari ni miungu.

Dini ya Kihindu iliingia Uganda pamoja na wafanyabiashara, wengi wao Wagujarati, waliozidi kumiminika baada ya reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 kufika Kisumu mwaka 1901. Walifungua maduka na viwanda, na makuhani wao wakaendelea kupiga hesabu za kalenda ileile ya Bara Hindi.

Miungu ya sayari, Navagraha, ni tisa. Saba ni ile inayojulikana pia katika falaki ya Waswahili: Surya (Jua), Chandra (Mwezi), Mangala (Mirihi), Budha (Utaridi), Brihaspati (Mshtarii), Shukra (Zuhura) na Shani (Zohali). Kila mmoja ana siku yake ya juma. Wawili waliobaki, Rahu na Ketu, hawaonekani angani.

Ngano yasema miungu na majitu waliisuka bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha uzima wa milele. Jitu moja lilijipenyeza kati ya miungu na kukinywa. Jua na Mwezi wakalifichua, na mungu Vishnu akalikata kichwa. Kwa kuwa lilikwisha kuonja, halikufa: kichwa kikawa Rahu, kiwiliwili kikawa Ketu. Tangu hapo Rahu hulipiza kisasi kwa kulimeza Jua au Mwezi, navyo hutokea tena shingoni palipokatwa. Kwa wanafalaki, wawili hao ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua, na kupatwa hutokea karibu na hapo tu. Wakati wa kupatwa, mahekalu mengi hufungwa, kisha husafishwa kabla ya ibada kurejea.

Anayeogopwa zaidi ni Shani, mwana wa Surya na Chhaya. Zohali huzunguka mbingu kwa miaka 29 na nusu hivi, hivyo hukaa takriban miaka miwili na nusu katika kila buruji. Ikipita buruji ya mtu pamoja na ile iliyotangulia na inayofuata, hutimia miaka saba na nusu ya mitihani. Waumini humtolea Shani mafuta na ufuta siku ya Jumamosi, au humwomba mungu Hanuman, ambaye kwa ngano alimwokoa Shani kutoka katika kifungo cha Ravana, mfalme wa majitu.

Nyumbani, Wagujarati hufanya Graha Shanti, ibada ya kuzituliza sayari, kabla ya harusi. Siku na saa ya ndoa huchaguliwa kwa kulinganisha nyota za wachumba.

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na mahekalu ya Uganda yakapoteza karibu waumini wake wote. Baada ya 1986 serikali ya Yoweri Museveni iliwaalika warudi na kurejeshewa mali. Waliorejea, pamoja na wahamiaji wapya kutoka India, ndio wanaoendeleza ibada Nakasero.