Kurudisha Windows ya zamani kwenye mashine: mambo ya kujua kabla fundi hajafuta kitu

Mashine iliyokuwa inafunguka vizuri inaanza kukawia kiisha kubadilishwa Windows. Printa inakataa kutoa karatasi. Programu ya hesabu za duka haifunguki tena. Ni pale mwenye mashine anapoibeba mpaka kwa fundi na kuomba jambo moja tu: arudishiwe ile ya zamani.

Kazi hiyo ni ya kawaida kwenye vibanda vya mafundi, tangu Bunia na Butembo hadi Bukavu, Uvira na Kalemie. Mara nyingi inakwenda vizuri. Lakini ikienda vibaya, hasara inaangukia vitu ambavyo dukani haviuzwi: TFC ya mwanafunzi, orodha ya madeni ya wateja, picha za marehemu mzazi. Hii hapa namna kazi yenyewe inavyofanyika, na pale hatari ilipo.

Kwa nini watu wanarudi nyuma

Windows ni sistemu, yaani programu kubwa inayoamsha kompyuta na kuongoza programu zingine zote. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, Windows 10 mwaka 2015, na Windows 11 mwezi wa Oktoba 2021. Toleo jipya mara nyingi linaomba nguvu zaidi kuliko matoleo ya zamani.

Windows 11 inaomba memori (RAM) ya GB 4 na diski ya GB 64 kwa uchache. Inaomba tena kipande cha ulinzi kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za okazyoni zinazouzwa katika miji yetu zilitengenezwa mbele ya hapo. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine kama hizo, na inaweza kufanya kazi, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hiyo itaendelea kupokea maboresho.

Tamaa ya kurudi nyuma si ya leo. Windows Vista ilipoanza kuuzwa Januari 2007, watu wengi waliiona nzito, na kampuni zinazotengeneza kompyuta ziliendelea kuwapa wateja njia ya kurudi kwenye Windows XP.

Kwanza kujua ugonjwa

Si kila mashine nzito inaponywa na Windows ya zamani. Kuna jaribio rahisi ambalo mwenye mashine anaweza kulifanya yeye mwenyewe: kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mara moja. Dirisha linafunguka likionyesha kazi ya prosesa, ya memori na ya diski.

Kama diski inabaki kwenye 100% muda mrefu wakati prosesa imetulia, shida iko mara nyingi kwenye diski. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka zinakawia sana na Windows 10 na 11. Kuibadilisha kwa diski ya SSD kunaweza kuipa mashine uhai mpya bila kugusa toleo la Windows. Kama memori ndiyo imejaa, kuongeza RAM kunasaidia kuliko kuformata. Pia, siku za kwanza kiisha kubadilisha toleo, Windows inafanya kazi nyingi kwa siri, na uzito ule unaweza kupungua wenyewe.

Kama ni printa au Wi-Fi inayokataa, mara nyingi inayokosekana ni ile programu ndogo inayoongoza kipande hicho, ambayo mafundi wanaiita pilote. Kupata pilote sahihi kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mashine ni kazi ndogo kuliko kufuta kila kitu. Sababu yenye uzito ya kurudi nyuma ni pale programu ya lazima ya kazi inakataa kabisa kwenye toleo jipya, ao mashine yenyewe haiko na nguvu za kulibeba.

Njia ya kwanza: ndani ya siku 10

Mtu aliyetoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa njia ya maboresho anapewa siku 10 za kujirudi. Ndani ya siku hizo, toleo la zamani linakuwa bado limelala kwenye diski, ndani ya folda inayoitwa Windows.old. Katika mashine ya Kifaransa, anafungua Paramètres, kisha Système, kisha Récupération, na hapo anakuta kifungo cha kurudi kwenye toleo lililotangulia.

Njia hii inaacha faili za mtu mahali pake. Inayoondoka ni programu zilizowekwa kiisha kubadilisha, na mipangilio iliyofanywa tangu hapo. Hata hivyo, kopi ya faili inafanywa kwanza.

Siku 10 zikipita, Windows inafuta folda ile ili kupata nafasi, na kifungo kinazimika. Mtu akiifuta mwenyewe Windows.old, vilevile njia imefungwa. Na kwa mashine iliyotoka kiwandani na Windows 11, ao iliyoformatiwa upya, kifungo hicho hakifanyi kazi.

Njia ya pili: kuformata

Hapo ndipo kuna kufuta na kuweka upya. Kazi inaomba flashi ya GB 8 ao zaidi, ambayo yenyewe itafutwa, na faili ya Windows inayopita GB 4. Kwa mtu anayenunua mega kwa simu, hesabu ifanywe mapema, sababu kiisha kuweka, maboresho nayo yanakula mega nyingi.

Ni pale wengi wanakubali flashi yoyote inayozunguka mjini. Hatari iko ndani: Windows iliyopunguzwa na mtu asiyejulikana, ao programu za kuvunja leseni, mara kwa mara zinabeba virusi tangu siku ya kwanza. Faili ya Windows 10 na ya Windows 11 zinapatikana bure kwa Microsoft yenyewe. Kinacholipiwa ni leseni.

Kuhusu leseni, mashine iliyokuwa na Windows 10 yenye leseni halali kwa kawaida inatambulika tena yenyewe ikiunganishwa na intaneti, sababu leseni imefungwa kwenye kadi mama ya mashine. Kwa mashine iliyouzwa na Windows 11 Pro, leseni inaruhusu kushuka hadi Windows 10 Pro. Toleo la Famille halina haki hiyo katika maandishi.

Vitu vinne vinavyoharibu kazi katikati

Cha kwanza ni umeme. Kazi inaweza kuchukua saa moja ao zaidi. Courant ikikatika na batri imekufa, mashine inaweza kubaki bila sistemu ya zamani wala mpya. Batri ijae kwanza, na mashine ibaki kwenye chaji.

Cha pili ni kufuli ya diski. Laptopu nyingi za sasa zinafunga faili kwa BitLocker, hata bila mwenyewe kujua. Siku mashine inaomba ufunguo wa tarakimu 48 na mtu hana, faili zake hazifunguki, hata diski ikihamishiwa mashine ingine. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Autafute na kuuandika kwenye karatasi mbele ya kuanza.

Cha tatu ni diski isiyoonekana. Kwenye laptopu zenye Intel ya kizazi cha 11 kuendelea, inatokea Windows inasema haioni diski yoyote. Diski haijafa; inakosekana pilote, ambayo inapaswa kuwekwa tayari kwenye flashi. Vilevile pilote ya Wi-Fi ipakuliwe mapema, sababu bila hiyo mashine haitaingia kwenye intaneti kutafuta zingine.

Cha nne ni kuchanganya sehemu za diski. Mashine nyingi ziko na C na D. Kufuta C kunaiacha D salama, lakini kwenye dirisha la kuformata sehemu hizo zinaonekana kama mistari inayofanana, na kuchagua mstari usiofaa kunaweza kufuta D. Kwa hiyo kuweka kopi kwenye D si kuweka kopi. Kopi ya kweli iko nje ya mashine: kwenye diski ya nje, kwenye flashi ingine, ao kwenye intaneti. Na ifunguliwe kwenye kompyuta ingine ili kuhakikisha inasomeka.

Windows 7 na Windows 10: mpaka wapi?

Kuna wanaoomba kurudi mpaka Windows 7 sababu ni nyepesi. Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Chrome nayo iliiacha mwanzoni mwa mwaka 2023. Zaidi ya hapo, Windows 7 haikuja na pilote za USB 3, na kwenye laptopu nyingi za kuanzia kizazi cha 6 cha Intel, klavye na mausi za USB zinaweza kukataa katikati ya kazi.

Sistemu isiyotunzwa ni kama nyumba ambayo kufuli yake imejulikana na wezi wote. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika inchi karibu 150 na kuomba dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zililazimika kurudisha wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya Windows 7 mwezi wa Machi mwaka ule ule, na mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuipokea.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza ya ulinzi kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mashine zenye toleo la 22H2. Basi anayerudi Windows 10 leo anapata muda wa kupumua, na mashine yake ijiandikishe kwenye mpango huo.

Kwa mashine ya zamani ambayo haiwezi Windows 11, kuna mlango mwingine: sistemu za Linux za bure kama Linux Mint ao Lubuntu, ambazo zinaendelea kutunzwa. Kuandika barua na hesabu kunafanyika kwa LibreOffice, na kivinjari kinafanya kazi kama kawaida. Lakini programu nyingi zilizotengenezwa kwa Windows hazitaingia. Linux inaweza kujaribiwa kwa flashi tu, bila kufuta kitu kwenye diski.

Maswali ya kumuuliza fundi

– Kopi ya faili inawekwa wapi, na nani anaihakikisha?
– Utafuta C peke yake, ao diski nzima?
– Windows unayoweka imetoka wapi, na leseni yake ni gani?
– Pilote za mashine hii ziko tayari?
– Bei inahesabu kazi gani, na ikishindikana itakuwaje?

Mwenye mashine abaki pale kazi inapofanyika kama inawezekana. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yaondolewe kwanza, na neno la siri la imeili lisiachwe kwa fundi.

Na kama kufuta kumekwisha tokea bila kopi, mashine izimwe palepale na isiwekwe kitu kingine. Kwenye diski ya kuzunguka, fundi mwenye programu ya kutafuta faili zilizofutwa bado anaweza kuokoa sehemu. Kwenye SSD nafasi ni ndogo sana, maana diski hiyo inajisafisha yenyewe.