Kimbunga hakipandi Kitonga, lakini…

Ukiwa Mafinga au Uyole ukasikia redioni kwamba kuna kimbunga Bahari ya Hindi, pengine unajisemea moyoni: hayo ni ya watu wa Mtwara. Kwa upande wa upepo uko sahihi kabisa. Chakula cha kimbunga ni maji ya bahari yenye joto, na kikishaingia nchi kavu kinakikosa na kuanza kufa. Mpaka kifike milima ya Kitonga, hakuna kimbunga tena. Ila historia inatuambia kitu kingine, hebu tuifuate.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Huku Iringa, wakati huo Munyigumba alikuwa akiwaunganisha Wahehe, na huenda habari hazikumfikia haraka. Kule visiwani Sultani Barghash, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili madarakani, alipoteza karibu meli zake zote zilizokuwa bandarini. Karibu theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Usiku mmoja, uchumi ukahama kisiwa! Juni 1873 Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alishinikizwa na Waingereza, lakini wapo wanahistoria wanaoona kwamba hasara ya mwaka uliotangulia ilimwacha bila nguvu ya kubishana. Kama ni hivyo, upepo ule uligusa biashara ya misafara iliyoingia ndani kabisa ya bara.

Sasa kwa nini tukio kama lile ni nadra kwetu? Bahari ikifika joto la kama nyuzi 27, maji mengi huvukizwa. Mvuke unapanda, unapoa na kugeuka wingu, na hapo unatoa joto lililofichika ndani yake. Hewa yenye joto inazidi kupanda, chini mgandamizo unapungua, hewa ya pembeni inakimbilia kuziba pengo. Kujizungusha kwa dunia ndiko kunakoipinda hewa hiyo mpaka izunguke. Kwetu kusini mwa ikweta inazunguka kama mshale wa saa. Lakini karibu na ikweta mpindo huo ni dhaifu mno, kwa hiyo vimbunga vingi huzaliwa mbali kidogo, kuanzia kama digrii 5 hivi. Unguja iko digrii 6, yaani ukingoni tu. Nadra, sawa. Haiwezekani? Hapana.

Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile, 15 Aprili 1952, ikawa zamu ya Lindi. Watu 34 walikufa. Satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960, kwa hiyo Lindi haikuwa na jicho lolote la kuitazama bahari kutoka juu.

Mei 2024 hali ilikuwa tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilimfuatilia Hidaya siku kwa siku mpaka tarehe 4 alipofika Mafia na kuisha nguvu. Hata hivyo mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, eneo la Somanga, Kilwa. Ukitazama ramani utaona njia ya lami iliyobaki kwa mtu wa Mtwara: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, kisha Mafinga na Iringa. Yaani kimbunga cha Mafia kinakuletea abiria wa Mtwara mlangoni kwako.

Lakini kwangu mimi jambo zito zaidi ni mvua. Msimu wetu wa Novemba hadi Aprili ndio huo huo msimu wa vimbunga upande huu wa bahari, na kinachoamua mengi ni mahali kimbunga kilipokaa. Machi 2018 Dumazile na Eliakim walikuwa upande wa mashariki wa Madagaska. Upepo wa magharibi ukaleta unyevu kutoka bonde la Kongo, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki zikapata mvua kubwa. Machi 2019 Idai akawa Mlango wa Bahari wa Msumbiji, akaua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, huku akivuta unyevu kwake. Masika Afrika Mashariki yakachelewa.

Mchukue mkulima wa Isimani, ambako mvua ni ya kubahatisha hata mwaka mzuri. Ameshanunua mbolea ya kukuzia, labda kwa mkopo. Akiiweka leo na anga likakauka siku kumi, fedha imelala kwenye vumbi. Akisubiri na mvua ikaja, mahindi yamempita. Akisikia jina la kimbunga redioni, anachohitaji kujua kabla ya kufungua mfuko ni kiko upande gani wa Madagaska.