Twiga wa Mti: Vichezeo vya Krismasi Katika Biashara ya Malindi

Biashara ya mji wa Malindi ililelewa na pepo mbili. Kusi ilipovuma, vyombo viliondoka kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Na kaskazi iliporudi, kuanzia mwezi wa Desemba, majahazi ya huko yakashuka na tende, mazulia, vyungu na nguo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Malindi alijua tangu zamani kwamba miezi ya mwaka hailingani: iko ya kuuza, na iko ya kungoja. Majahazi yale hayaji tena kwa makundi, lakini Desemba imebaki kuwa mwezi wa kuuza. Na miongoni mwa bidhaa ziuzwazo katika mwezi huo imo moja ambayo wenye kuandika tarikh huipita pasipo kuitazama, nayo ni kichezeo cha mtoto.

Anayetaka kuielewa biashara hii hana budi kutambua kwanza kuwa ni biashara mbili zipishanazo njiani. Moja yatoka mjini kwenda ng'ambo, nyingine yatoka ng'ambo kuingia mjini. Tuanze na ile itokayo.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga hai katika ikulu ya mfalme Yongle wa China. Wachina hawakuwa na mnyama wa namna ile, na wakuu wa baraza wakamfananisha na mnyama wa heri aliyetajwa katika vitabu vyao vya kale. Twiga yule hakuwa kichezeo, wala hakuuzwa. Alikuwa hidaya ya mtawala kwa mtawala. Lakini aliyemchagua alifahamu jambo ambalo wachongaji wa Malindi walikuja kulifahamu baada ya karne tano: mgeni hupenda kurudi kwao na mnyama asiyepatikana kwao.

Wanyama wa mti wauzwao Malindi hawakuzaliwa pwani. Ufundi wao ulitoka Wamunyu, katika nchi ya Ukamba, ambako Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alirudi na ujuzi wa uchongaji alioupata kwa mafundi wa huko. Jamaa zake na majirani walijifunza, na kazi ikaenea. Mchongaji humfuata mnunuzi kama mvuvi amfuatavyo samaki. Wakashuka Nairobi, wakafika Mombasa, kisha Malindi. Hapa hoteli za wageni zilikuwa zimeanza kujengwa katika miaka ya 1930, na wageni wake wa mwanzo walikuwa walowezi wa bara, ambao hushuka pwani shule zinapofungwa mwisho wa mwaka. Baadaye walikuja watalii wa Ulaya kwa ndege. Waitaliano hasa waliuzoea mji huu baada ya kituo chao cha kurushia vyombo vya angani, San Marco, kusimamishwa baharini karibu na Ngomeni. Chombo cha kwanza kilirushwa pale tarehe 26 Aprili 1967.

Kuja kwa Waitaliano kuliongeza siku za mauzo. Mtoto wa Kiingereza hupata kichezeo chake siku ya Krismasi. Mtoto wa Kiitaliano hungoja pia usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, ambapo, kwa masimulizi ya kwao, bikizee aitwaye Befana hupita nyumba kwa nyumba akitia zawadi katika soksi. Muuzaji wa ufukweni ambaye hajapata kufika Roma aweza kukueleza habari za Befana kwa Kiitaliano safi, kwa sababu bikizee huyo humpatia siku kumi na mbili zaidi za kuuza.

Twiga wa mti hupita katika mikono mingi. Mmoja huupasua mti kwa panga na kuupa umbo kwa tezo. Wa pili huchonga masikio, kwato na shingo kwa kisu. Kisha mnyama hupewa mtu wa kupiga msasa, mara nyingi mwanamke, naye hulipwa kwa idadi. Mwisho hupakwa madoa na kung'arishwa. Kazi ya ng'ambo huanza mapema mno. Vichezeo vitakavyouzwa Ulaya mwezi wa Desemba husafiri kwa meli, basi hapana budi viwe vimekwisha ondoka kabla ya kusi kutulia. Hivyo mchongaji huwa na Krismasi mbili: moja katikati ya mwaka, wakati wanunuzi wa jumla wanapoagiza, na moja ya Desemba, wakati mgeni anapochagua kwa macho yake na kubishania bei.

Biashara hii ilikuwa na deni ambalo kwa miaka mingi halikuandikwa katika daftari lolote. Mti uliopendwa ulikuwa mpingo, na pamoja nao muhuhu, ambao hukua katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini-magharibi ya mji. Msitu huo una ukubwa wa yapata kilometa za mraba 420, nao ndio mkubwa kupita yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Muhuhu hukua polepole mno. Mti unaochongeka leo uliota kabla ya babu wa mchongaji kuzaliwa. Wanyama wadogo walioondoka katika masanduku kila mwaka walikuwa wakibeba msitu kipande kwa kipande. Hata katika miaka ya 1990 wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuuliza mti umetoka wapi, na wachongaji wakashauriwa kuujaribu mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi uliozagaa mashambani na nyuani kote pwani. Baadhi ya mafundi waliukataa kwanza, kwa kuwa hupasuka ukikaushwa kwa haraka na hauna weusi wa mpingo. Lakini hukua upesi, na shina lake likikatwa huchipua tena. Kwa maoni yangu, badiliko hili ni kubwa kuliko lolote lililoletwa na hoteli.

Sasa tuitazame biashara iingiayo. Kabla ya mwaka 1914 vichezeo vingi vya madukani duniani vilitoka Ujerumani, hasa katika mji wa Nürnberg. Vita vilipoifunga Ujerumani, Japani ikachukua nafasi. Katika miaka ya 1970 ikawa zamu ya Hong Kong. Na leo vingi hutoka China bara. Mwenye duka wa Malindi hupokea bidhaa zake kupitia bandari ya Mombasa, naye, kama mwenzake wa zama za majahazi, lazima aagize msimu mmoja ili auze msimu mwingine. Asiyetuma agizo lake katikati ya mwaka atakuwa na rafu tupu Desemba.

Ni nani anunuaye? Katika nyumba nyingi za Kigiriama zilizopokea Ukristo kutoka katika misheni, Krismasi ilikuwa sikukuu ya nguo mpya na chakula, na mtoto aliyepata gauni au kaptura hakutazamia zaidi. Desturi ya mtoto kununua kichezeo kwa fedha yake mwenyewe aliitangulia sikukuu ya Idd, kwa ule mkono wa Idd ambao watoto hupewa na wakubwa wao wakauteketeza siku ile ile kwa pipi, mapulizo na bastola za maji. Krismasi ilikuja kujifunza kwa Idd. Na kwa kuwa Idd hufuata mwezi mwandamo, hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ikiizunguka Krismasi na kuikuta mara moja katika miaka thelathini na kitu. Ilikuwa hivyo mwaka 1968, na tena mwaka 2000, ambapo sikukuu mbili zilipitana kwa siku chache tu.

Mwaka 2002 mwezi wa Ramadhani ulianza mapema Novemba, na Idd ikatazamiwa juma la kwanza la Desemba, Krismasi ikifuata. Kwa mwenye duka na kwa mchongaji huu ulikuwa mpangilio wa heri. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba, gari lililojaa baruti liliivunja hoteli ya Paradise huko Kikambala, katika kaunti hii hii ya Kilifi. Wakenya kumi na Waisraeli watatu waliuawa pamoja na washambuliaji wenyewe. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliosimama kuwapokea wageni. Mbele ya misiba hiyo hasara ya biashara ni jambo dogo kulitaja, lakini haikuwa ndogo kwa waliokuwa hai. Serikali za ng'ambo zikawaonya raia wao, na safari zikavunjwa. Twiga waliokwisha pigwa msasa kwa ajili ya Desemba hawakuweza kuliwa, wala kurudishwa kuwa mti.

Yako na matatizo mengine yaliyouandama mwezi huu. Uchaguzi mkuu wa vyama vingi uliangukia mwisho wa Desemba mara nne mfululizo: 1992, 1997, 2002 na 2007. Katika miaka hiyo wageni walisita, na wenyeji nao wakaweka fedha zao wakisubiri matokeo. Na baada ya ule wa 2007 machafuko yaliufunga msimu wote wa kaskazi. Katiba ya mwaka 2010 iliuhamishia uchaguzi mwezi wa Agosti. Sidhani kama waliotunga kifungu hicho waliwafikiria wauza vichezeo, ila waliwafaa. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa tangu Machi hadi mwanzo wa Agosti, na hata ziliporuhusiwa, Waitaliano wengi walibaki kwao.

Mtoto wa Malindi mwenyewe kwa muda mrefu hakuwa mnunuzi wala muuzaji. Alijitengenezea: dau la kifuu lenye tanga la jani, tiara ya karatasi na njiti za makuti, gari la mkebe lenye magurudumu ya ndara kuukuu. Vitu hivi havikuwa na bei, basi havimo katika hesabu ya mauzo yoyote. Lakini mara moja mlango ulifunguka. Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu, katika miaka ya 1990, watu wa hifadhi ya bahari waliwaona watoto wakichonga vichezeo kwa ndara za mpira zilizotupwa ufukweni na mawimbi. Ukawa mradi, na wanyama wa rangi rangi wa ndara wakauzwa hata ng'ambo. Twiga wamo.

Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, Idd na Krismasi zitakutana tena mwaka 2033, Idd ikitazamiwa siku mbili au tatu kabla ya tarehe 25 Desemba. Miche ya mwarobaini iliyopandwa miaka michache iliyopita itakuwa wakati huo imekaribia kufaa kwa tezo.