Istilahi za Arudhi Mbele ya Shairi la Bahari

Mwalimu anayemwuliza mwanafunzi, "Shairi hili ni la bahari gani?" huwa anataka kujua kama ni utenzi, wimbo au shairi la mishororo minne. Lakini ikiwa utungo wenyewe wasimulia mawimbi na merikebu, mwanafunzi aweza kujibu kuwa ni Bahari ya Hindi. Hapo hatakuwa amekosea lugha. Atakuwa amekosea istilahi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi istilahi zetu za arudhi zilivyotufikia, zinapima nini hasa, na kwa nini mfasiri hana budi kuzitumia kwa hadhari anaposhika shairi la kigeni.

Neno bahari lilikuwa na maana mbili tangu katika Kiarabu: maji makuu, na kipimo cha shairi. Elimu ya vipimo hivyo iliasisiwa katika karne ya 8 na Al-Khalil bin Ahmad, mtaalamu wa Basra mwenye asili ya Omani. Yeye alizipanga bahari 15, na ya 16 ikaongezwa baadaye. Kila bahari ilikuwa mpangilio maalumu wa silabi ndefu na fupi.

Neno hilo lilipotia nanga katika pwani yetu, jina lilibaki lakini kazi yake ikabadilika. Mshairi wa Kiswahili hapimi urefu wa silabi. Huhesabu idadi yake, na kila silabi ni mizani moja. Hivyo shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, 8 kila kipande, na utenzi una 8. Bahari ikawa ni aina ya utungo. Zaidi ya hayo, kina kinachofunga kila ubeti wa utenzi, toka mwanzo hadi mwisho, nacho huitwa bahari. Basi neno moja limebeba mizigo mitatu, na miwili kati ya hiyo imo katika fani ile ile.

Mwaka 1954 Amri Abedi alizichapisha kanuni za ufundi huu katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi. Miaka 20 baadaye, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano yalipamba moto kama utungo usiofuata vina na mizani wastahili kuitwa shairi. Pamoja na ukali wa mabishano hayo, mizani iliendelea kumaanisha idadi ya silabi.

Tuzijaribu sasa istilahi hizi kwa shairi la Mwingereza John Masefield liitwalo "Sea Fever", yaani homa ya bahari, lililotoka mwaka 1902. Msemaji wake ni mtu anayeitwa na bahari asiweze kukataa. Shairi lina beti 3 za mishororo minne minne. Tukihesabu silabi, mishororo hailingani, na msomaji wetu aweza kudhani kuwa mtunzi hakujua kazi yake. Lakini tukihesabu mikazo, twaona kwamba kwa kawaida kila mshororo una saba. Kati ya mkazo na mkazo silabi nyepesi huongezeka na kupungua, na wakati mwingine mikazo miwili hugongana. Ndiyo maana mshororo huyumba kama chombo majini. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa kuwa mahali pake pajulikana, washairi wetu hawakuwa na haja ya kuuhesabu.

Vina navyo vina hali yao. Mshororo wa kwanza hupatana na wa pili, na wa tatu na wa nne. Vina vya kati havimo. Kina chetu ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu, hata "paka" na "pata" havitoshi kuwa vina. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo, na konsonanti iliyotangulia hutakiwa itofautiane. Tena, katika kila ubeti jozi ya kwanza huishia kwenye mkazo wenyewe, na ya pili huongeza silabi nyepesi baada yake. Karibu maneno yetu yote huishia kwa namna hiyo ya pili. Kwa hiyo kishindo cha ile ya kwanza hakina mahali pa kukaa katika tafsiri.

Kuhusu urudiaji, baadhi ya wachambuzi huenda wakakimbilia neno kibwagizo. Lakini kibwagizo huja mwishoni mwa ubeti, nacho hufunga. Masefield hurudia maneno yale yale mwanzoni mwa kila ubeti. Mara tatu msemaji aanza safari, wala hatuelezwi kuwa amepanda chombo. Hiyo ni takriri ya mwanzo. Tukiiita kibwagizo twapoteza maana yake.

Kwa sababu hizo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, bahari ibaki kwa aina ya utungo, na kile kina cha utenzi kiitwe kina cha kituo. Pili, mizani isiachwe peke yake panapolinganishwa lugha, bali isemwe wazi: mizani ya idadi kwa Kiswahili, mizani ya urefu kwa Kiarabu, na mizani ya mkazo kwa Kiingereza. Tatu, kibwagizo kitengwe na takriri.

Mfasiri atakayelitia shairi hilo katika mizani 16 atakuwa amelijengea nyumba mpya, na huenda ikawa nzuri. Ila aseme kuwa ni mpya. Na mtahini asimnyime alama mwanafunzi aliyepima mkazo mahali ambapo mtunzi mwenyewe alipima mkazo.